Gari la Nakonde, Kodi ya Tunduma

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: magari yaliyotumika, hasa yale yanayotaka kuvuka Tunduma kuja huku kwetu. Sishangai. Mtu anapanda Kosta asubuhi Mbeya, mchana yuko Nakonde, upande wa Zambia, anazunguka gari ambalo bei yake ni nusu ya lile aliloliona Mwanjelwa, na akiwa njiani kurudi ameshachagua hadi rangi ya kava za viti. Mimi nimelelewa na kliaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani. Nimeshika mafaili Tunduma toka enzi karatasi zinabebwa kwapani, dirisha hadi dirisha, Tanzania kwanza kisha Zambia, kabla hatujajengewa kituo cha pamoja. Nawajibu kama ninavyowajibu wanaokuja ofisini, na hao wanajua sibembelezi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nafundisha Vwawa. Kuna kijana Nakonde ananiuzia Toyota IST ya 2006 yenye namba za Zambia kwa shilingi milioni 6 na nusu. Hapa Mbeya IST ya aina hiyo naambiwa milioni 12 kwenda juu. Anasema nivuke nayo jioni foleni ikipungua, namba za Tanzania tutatafuta taratibu. Nimeshampa laki tano ya kuishikia. Mume wangu anasema nimeibiwa. Ni kweli?
*Mwalimu, Vwawa*

Marahaba mwanangu. Bado hujaibiwa, ila laki tano yako imekaa mahali pabaya.

Tuanze na bei, maana ndiyo iliyokuvuta. Hiyo IST imetengenezwa Japani. Inawezekana sana ilishuka bandari ya Dar es Salaam, ikapanda Kitonga, ikapita Makambako, Uyole na hapo hapo Vwawa, ikaingia Nakonde. Ilipita kama mzigo wa safari, kwa hiyo Tanzania haikuitoza kodi. Wazambia wakachukua ya kwao. Au ilishukia Durban ikaja kwa upande wa kusini; haibadilishi kitu. Leo ukiirudisha huku, kwa TRA, mamlaka yetu ya mapato, hilo ni gari linaloingizwa nchini kutoka nje, na kodi iliyolipwa Zambia haikupunguzii hata senti tano. Wale vijana wa mpakani watakwambia, “Mama, sisi na Zambia wote SADC, ushuru hakuna.” SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, inaangalia bidhaa imetengenezwa wapi. Gari la Japani likikaa Lusaka miaka 10 linabaki gari la Japani. Na Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo hata mlango huo haupo.

Sasa chukua kalamu. Tuseme thamani ya forodha, ile ambayo kodi inahesabiwa juu yake, imekuja milioni 6. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 1,500,000, tumefika 7,500,000. Juu ya hiyo unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: IST zote, ya cc 1300 na ya cc 1500, zinaangukia kwenye asilimia 5, ambayo ni 375,000. Halafu inakuja ile inayowaliza watu, ushuru wa uchakavu. Gari dogo lililozidi miaka 10 toka litengenezwe linatozwa asilimia 30. Hapo ni 2,250,000. Jumlisha vyote, umefika 10,125,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, siyo juu ya milioni 6 uliyoanza nayo. VAT peke yake ni 1,822,500. Kodi zote kwa pamoja ni 5,947,500.

Jumlisha na milioni 6 na nusu ya kijana wako. Umepata 12,447,500, na hapo sijagusa tozo ya maendeleo ya reli, ada ya forodha, ada ya usajili, wala ya wakala wako. Unaona tulipofika? Ni bei ile ile ya Mbeya. Ile tofauti ya bei haikuwa huruma ya muuzaji, ni kodi ambayo bado haijalipwa, na anakuachia wewe.

Thamani ya milioni 6 nimeiweka mimi kwa ajili ya hesabu. TRA wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo wazi kwenye tovuti yao: unachagua aina ya gari, modeli, mwaka, nchi lilikotoka na injini, kinakupa kodi yote. Karatasi ya mauziano mliyoandikiana wewe na kijana haiwafungi TRA. Nimeona watu wanaandika “nimenunua kwa milioni 2” wakidhani wamepata ujanja. Ofisa anaisoma, anaiweka pembeni, anafungua mfumo. Kifanye mwenyewe kwenye simu yako kabla hujarudi Nakonde.

Kuhusu kuvuka jioni: hapana. Siyo jioni, siyo alfajiri, siyo kwa njia za panya zinazopita nyuma ya nyumba za watu pale Tunduma. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataja kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na gari lenyewe linataifishwa. Wewe ni mtumishi wa umma, una namba ya ajira. Yule kijana ana laini ya simu tu.

Kama hesabu bado inakupendeza, kwa mfano ukipata gari safi kuliko yaliyoko Mbeya, basi nenda kaliangalie mchana, na tochi. Fungua boneti. Toyota nyingi za soko la Japani namba ya chasisi imegongwa kwenye ule ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, chini ya kioo cha mbele. Ya IST inaanza na NCP60, NCP61 au NCP65, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Herufi zote zikae kwenye mstari mmoja na kina kimoja, na rangi inayozizunguka iwe sawa na ya bati lingine humo ndani. Ukikuta alama za msasa, rangi iliyopulizwa juu yake, au tarakimu moja imezama kuliko wenzake, funga boneti, aga kwa adabu, panda gari urudi Vwawa. Kama iko sawa, ingia ndani uvute mikanda ya viti hadi mwisho. Kule chini karibu na inapoingilia kuna kilebo, na mara nyingi mwaka umechapwa hapo. Mkanda mmoja unaweza kuwa umebadilishwa. Minne yote ikisema 2003 na muuzaji anasema 2006, mwamini mkanda.

Kisha karatasi. Wazambia kadi ya gari wanaiita kitabu cheupe; jina lililoandikwa humo lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, siyo cha “mjomba yuko Ndola”. Awe na kibali cha Interpol cha polisi wa Zambia kinachoonyesha gari halitafutwi, na gari litolewe rasmi kwenye forodha ya kwao. Ukikosa hayo upande wa Nakonde, upande wa Tunduma hakuna wakala mwenye akili atakayeweka jina lake kwenye faili lako.

Laki tano? Mwambie mkutane kwenye ofisi ya wakala wa forodha mwenye leseni, aje na kitabu cheupe na kitambulisho. Akija, pesa yako iko hai. Akianza kukwambia wakala atawachelewesha, isamehe hiyo laki tano, usiifuate na milioni 6. Na mumeo mpikie kitu kizuri.

SWALI: Mama habari za kazi. Niko Uyole, naendesha bodaboda. Nafahamiana na dereva wa IT, anapitisha magari ya Zambia na Kongo kila wiki. Anasema ipo Noah ambayo mwenyewe ameshindwa kuimalizia, itauzwa huku huku, na kodi yake ni ndogo kwa sababu imeshaingia nchini. Tupo watatu, tunataka kuchanga tuifanyie abiria. Unatushauri nini?
*Kijana wa Uyole*

Salama, mwanangu. Dereva wa IT hana gari, ana funguo. Alipewa Dar es Salaam ili azifikishe Tunduma, na atakachokuuzia ni hizo funguo.

Gari la IT, yaani linalopita tu kwenda nchi nyingine, linatembea kwenye barabara yetu chini ya dhamana. Wakala wa Dar ameweka dhamana forodha kwamba gari hili, lenye chasisi hii, litatoka nje ya nchi kwa mpaka huu, kabla ya tarehe hii. Likifika Tunduma likapigwa muhuri wa kutoka, dhamana inafunguka. Lisipofika, TRA wanamfuata wakala wadai kodi yote, na wakala naye hakai kimya, anamtafuta dereva, na dereva anakutaja wewe. Gari likikutwa Igawilo limebeba abiria linachukuliwa na wewe unatakiwa ujieleze. Hizo milioni mlizochanga zinabaki simulizi ya kijiweni.

Na hiyo ya kodi ndogo kwa kuwa “imeshaingia nchini” ni maneno ya kutunga. Gari lililopita njia halijaingia. Ipo njia halali kama mwenye gari kweli ameshindwa: yeye mwenyewe kupitia wakala wake anaomba forodha kubadili gari litumike ndani ya nchi, kodi inakokotolewa ile ile kama nilivyomwonyesha mwalimu wa Vwawa, inalipwa, gari linasajiliwa, ndipo linauzwa. Noah nyingi ni cc 2000 kwa jina lakini vitabuni ni 1998 au 1986, kwa hiyo ziko kwenye asilimia 5, siyo 10. Mkinunua mkute namba ya T imeshafungwa na kadi ina jina la muuzaji. Kisha leseni ya abiria iko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo ina masharti yake. Nawasifu kwa kuchanga, wengi wenu mnachanga kwenye bia.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango: abiria wa IT, acheni. Naona vijana Uyole wanapunga mkono kwa nauli ya nusu bei. Gari lile haliruhusiwi kubeba abiria, dereva wake ana haraka ya kurudi Dar kuchukua lingine, na usiku huwa anaendesha peke yake bila wa kumpokea.

SWALI: Naandika kutoka Iringa mjini. Nataka kuagiza gari dogo Japani moja kwa moja. Nimeona Passo na Vitz za miaka tofauti. Rafiki yangu anasema la zamani ndilo nafuu kwa sababu bei yake mtandaoni ni ndogo. Mimi nahisi siyo hivyo ila sijui kueleza.
*Msomaji, Mwangata*

Umehisi sawa, na kueleza ni rahisi ukiweka namba. Chukua gari la zaidi ya cc 1000 lakini lisilozidi cc 2000, thamani ya forodha milioni 10. Likiwa halijafika miaka 8, ushuru wa forodha, wa bidhaa na VAT ni 5,487,500. Likiwa na miaka 8 hadi 10, uchakavu unaingia kwa asilimia 15, unalipa 7,700,000. Likizidi miaka 10, asilimia 30, unalipa 9,912,500. Gari lile lile kwa thamani ile ile, umri peke yake umekula milioni 4 na laki nne. Kweli la zamani thamani yake huwa ndogo, kwa hiyo tofauti haitakuwa kubwa hivyo kila mara, lakini ndiyo sababu watu wananunua la 2008 kwa bei ya kutupwa halafu wanakwama bandarini wakitafuta mkopo wa kulitoa.

Umri unahesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, siyo mwaka liliposajiliwa Japani mara ya kwanza. Haya mawili hutofautiana, na wauzaji wa mtandaoni hupenda kuandika ule unaopendeza. Waulize kwa maandishi. Na kama unanunua mwishoni mwa mwaka gari lililo ukingoni mwa miaka 8 au 10, kumbuka meli inatembea wiki kadhaa. Unaweza kulipia Novemba gari ambalo likifika limeshavuka ukingo.

Passo ya cc 996 ina faida nyingine: injini isiyozidi cc 1000 ushuru wa bidhaa wa injini ni sifuri. Kwa thamani ile ile ya milioni 10, na umri chini ya miaka 8, unalipa 4,750,000. Wewe ni wa Iringa lakini, Kitonga unaijua. Passo yenye watu wanne na magunia ya viazi kwenye buti itakupandisha, ila malori yatakuwa yanakupigia honi nyuma. Kwa mtu wa kazini na nyumbani, Passo. Kwa mtu wa Iringa hadi Dar kila mwezi na familia, ongeza Vitz ya 1300 ujipumzishe.

Bei kubwa ile inayoandikwa kwenye picha mara nyingi ni ya gari likiwa bandari ya Japani. Uliza ya kufikishwa Dar es Salaam pamoja na bima, ndiyo inayokaribia kile TRA wanachoanzia. Na viwango nilivyoandika vikumbuke na kalenda ya bajeti: inasomwa Juni, mapya yanaanza 1 Julai. Kikokotoo angalia siku unayolipa, siyo siku uliyoota.

SWALI: Shikamoo mama. Kaka yangu amefanya kazi Kitwe miaka 9, mwisho wa mwaka anarudi moja kwa moja. Ana Harrier ya cc 2400 aliyoinunua mwaka juzi. Anasema Mtanzania anayerudi nyumbani gari halilipiwi ushuru. Mpango ni aivushe kwa jina lake kisha anipe mimi hapa Makambako niifanyie biashara yangu ya mbao. Tutafanikiwa?
*Mdogo wake, Makambako*

Marahaba. Kaka yako yuko sahihi nusu. Nusu nyingine, hiyo yako, ndiyo itakayowaponza.

Sheria ile ile ya forodha ya 2004, Jedwali la Tano, inampa mkazi anayerejea msamaha wa ushuru kwa gari moja. Masharti yake: awe amefikisha miaka 18, awe kweli anahama huko na kuja kukaa huku, gari awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya nchi za Jumuiya kwa angalau miezi 12, na liingie ndani ya siku 90 toka alipofika, ingawa Kamishna anaweza kuongeza muda hadi siku 360. Mabasi ya abiria zaidi ya 13 na magari ya mzigo yanayozidi tani mbili hayamo. Harrier aliyoinunua mwaka juzi na kuiendesha mwenyewe Kitwe, kwa jina lake, inakaa ndani ya masharti vizuri kabisa.

Neno la kushika hapo ni “mwenyewe”. Msamaha ni wake, haukufungwa kwenye bampa la gari kwamba likienda kwa mtu mwingine unakwenda nalo. Akikupa au akikuuzia, msamaha unadaiwa. Na cc 2400 iko kwenye asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa, siyo 5, kwa hiyo likidaiwa hutalipenda. Biashara ya mbao kwa Harrier nayo, mwanangu, sijaielewa, lakini hilo siyo la forodha.

Kwa hiyo kaka aje nalo, alitumie. Kabla hajaondoka Kitwe akusanye vithibitisho: kibali cha kazi au ukaazi wa Zambia cha miaka hiyo, barua ya mwajiri ya kumaliza kazi, kitabu cheupe chenye tarehe ya kumiliki, bima za nyuma, na pasi yenye mihuri. Bima za nyuma watu wanazitupa, na ndizo zinazoonyesha gari lilikuwa linatembea huko kwa jina lake. Aombe msamaha kwa maandishi kupitia wakala kabla gari halijafika mpakani, apewe hesabu kwa maandishi ya kila kodi inayofutwa na inayobaki, maana usajili na ada ndogondogo hazikwepeki. Akifika Tunduma bila hayo, atalala Tunduma, na gesti za pale si za kumlaza mtu aliyetoka kuaga Zambia.

SWALI: Mama, sisi watu wa Kyela tunaambiwa Kasumulu ni rahisi kupitisha gari kuliko Tunduma. Kuna ukweli?
*Msomaji, Ipinda*

Foleni ni fupi, hilo kweli, maana malori ya Zambia na Kongo yamejazana Tunduma. Kodi ni ile ile, mfumo wa kompyuta ni ule ule, na Malawi kama Zambia iko SADC lakini haiko Afrika Mashariki. Anayekwambia Kasumulu kuna kodi yake tofauti anazungumzia mfuko wa mtu. Hela ya serikali inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwenye simu, na jina linalotokea ni la TRA. Likitokea jina la mtu, usibonyeze namba ya siri.

SWALI: Nina karakana ya mbao Mafinga. Nimeletewa Hilux, muuzaji anasema ni ya Japani halisi imepitia Zambia tu, na chasisi yake ni ndefu, ina herufi na namba 17, inaanza na AHT. Fundi wangu anasema siyo ya Japani. Tofauti yake nini?
*Mwenye karakana, Mafinga*

Fundi wako mpe soda. Magari ya Toyota yaliyouzwa ndani ya Japani yana chasisi fupi ile niliyomweleza mwalimu: herufi chache na namba, kistari, tarakimu saba. Ile ya herufi na namba 17 ni ya magari ya masoko mengine, na herufi ya kwanza inasema lilikotoka. J ni Japani. A ikifuatiwa na herufi kati ya A na H ni Afrika Kusini, na AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, wanaotengeneza Hilux Durban.

Siyo gari baya, kwa kazi ya mbao ningelichagua. Ila mtu aliyedanganya jambo ambalo limegongwa kwenye chuma, mengine utayaamini vipi? Gari la Afrika Kusini linatakiwa liwe na kibali cha polisi wa kule cha kulitoa nchini, na magari yaliyoibwa kule yakauzwa huku juu ni biashara ya zamani. Mpe muuzaji hiyo namba 17, mwambie unaipeleka polisi ikaangaliwe Interpol kabla ya kulipa. Kasi ya jibu lake itakutosha.

Likiwa safi, hapa kuna jambo la kukufaidi: kwa kuwa limetengenezwa Afrika Kusini, linaweza kuombewa nafuu ya SADC likija na cheti cha asili. Cheti hicho kinatolewa huko huko lilikotengenezwa. Wapo Tunduma watakaokuuzia kilichochapwa dukani, usikiguse. Kama pikapu hiyo ni ya mzigo, mwambie wakala aiandike hivyo kwenye tamko, kwa sababu ushuru wa uchakavu wa magari ya kazi hauko sawa na wa magari ya kutembelea.

SWALI: Shemeji yangu ni Mzambia, anakuja Tukuyu kwenye harusi na gari lake la namba za Zambia, atakaa wiki mbili. Naye alipie ushuru? Na mimi naweza kuliendesha siku ya harusi kubebea maharusi?
*Bibi harusi mtarajiwa, Tukuyu*

Hongera mwanangu. Ushuru halipi, anaingiza gari kwa muda. Pale Tunduma anapewa kibali chenye tarehe ya kutoka na kulipia ada za magari ya kigeni, na hiyo karatasi akae nayo kwenye gari siku zote, trafiki wa Uyole wataiuliza. Bima akate kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, huko huko kwao. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi ya njano tuliendelea nayo. Tarehe ikikaribia na harusi bado ina vikao vya kuvunja kamati, aende TRA kuomba kuongezewa kabla haijapita, siyo baada.

Kuliendesha wewe, hapana. Kibali ni cha mgeni na gari lake, na mkazi wa hapa akikutwa kwenye usukani linageuka jambo jingine. Aendeshe shemeji, wewe na bwana harusi mkae nyuma. Nguo yenyewe hiyo utakandamiza vipi klachi?